Nesi akikuuliza jina mara ya tano, usimkasirikie

Saa nane za usiku. Umejikunja kwenye kiti cha plastiki katika idara ya dharura, mkono tumboni, na teksi imekula salio lote la M-Pesa. Umeulizwa jina mlangoni. Ukaulizwa kwenye kaunta ya malipo. Ukaulizwa na nesi aliyekupima presha, kisha na daktari. Sasa anakuja mwingine na sindano mkononi, anakutazama usoni: "Niambie majina yako yote na tarehe ya kuzaliwa."

Unataka kumjibu vibaya. Kwani hawa watu hawaandiki?

Wanaandika. Na kwa sababu wanajua kilichoandikwa kinaweza kuwa cha mtu mwingine, ndiyo maana wanakuuliza tena.

Mapema mwaka wa 2018, wagonjwa wawili walichanganywa katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta (KNH). Mmoja alihitaji kufunguliwa fuvu ili aondolewe damu iliyoganda kwenye ubongo. Mwenzake alikuwa na uvimbe ambao haukuhitaji kisu hata kidogo. Aliyeingizwa chumba cha upasuaji ni huyo wa pili. Madaktari walikuwa wameshafanya kazi kwa saa kadhaa ndipo wakagundua kwamba hakukuwa na damu yoyote ya kuondoa.

Hiyo ni hospitali ya umma, na habari zake zilitangazwa kote nchini. Lakini kosa la aina hiyo halichagui. Linaweza kuingia hata kwenye ile hospitali yenye sakafu inayong'aa, kahawa ya bure na TV kubwa ukutani. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba takriban mgonjwa 1 kati ya 10 hupata madhara yanayotokana na huduma yenyewe, na kwamba zaidi ya watu milioni 3 hufariki kila mwaka duniani kwa sababu ya huduma isiyo salama. Mengi ya madhara hayo yangezuilika.

Basi hebu tuingie nyuma ya pazia. Kampuni inayomiliki hospitali nne, tano, pengine kumi, na kliniki kadhaa mitaani, hufanya nini ili usiumizwe na mahali ulipokwenda kupona? Na je, yenyewe hujilinda vipi isifilisike, isishtakiwe wala isichafuke jina?

Hatari za aina mbili, nyumba moja

Kwenye vikao vya wakubwa, hatari hugawanywa mara mbili.

Kuna hatari za tiba. Dawa isiyofaa, kipimo kilichozidi, mgonjwa kuanguka kitandani, kidonda kuoza baada ya upasuaji, majibu ya maabara ya Wanjiru kuingia kwenye faili ya Wanjiku.

Halafu kuna hatari za kampuni. Kampuni ya bima inakataa kulipa. Stima inapotea. Daktari aliyeajiriwa ana vyeti feki. Faili za wagonjwa zinavuja. Mtu anapakia video X na kufikia asubuhi jina la hospitali linavuma kwa ubaya.

Kwa kampuni yenye matawi mengi, shida huzidishwa. Kosa la nesi mmoja katika tawi la Thika linachoma jina la tawi la Mombasa, kwa sababu bango la nje ni moja. Samaki mmoja akioza, unajua mwenyewe.

Ndiyo maana kampuni iliyojipanga haiachi kila tawi lijipikie. Huweka utaratibu mmoja wa kumtambua mgonjwa na fomu moja ya kuripoti makosa, na wakaguzi huzunguka matawini kuangalia kama yaliyoandikwa kwenye karatasi ndiyo yanayofanyika wodini.

Daftari la hatari

Kitu cha kwanza ambacho ungekikuta ofisini kwao ni daftari la hatari. Siku hizi ni jedwali kwenye kompyuta. Kila linaloweza kwenda mrama huandikwa humo, kisha hupimwa kwa maswali mawili: uwezekano wa kutokea ni upi, kutoka 1 hadi 5? Na likitokea litaumiza kiasi gani, kutoka 1 hadi 5? Unazidisha.

Tuseme mgonjwa mzee kuanguka akienda msalani usiku. Hutokea mara nyingi, mpe 4. Anaweza kuvunjika nyonga, mpe 3. Jumla 12. Paa la maegesho kuvuja mvua ikinyesha? Uwezekano 3, madhara 1. Jumla 3, litasubiri.

Sasa jenereta kukataa kuwaka mtu akiwa amefunguliwa tumbo. Uwezekano ni mdogo, labda 2, lakini madhara ni 5. Jumla 10. Ukifuata hesabu tu, utasema kuanguka msalani ni kubaya kuliko jenereta kufa. Hapo ndipo wajuzi wa kazi hii husema hesabu isikulaze usingizi: lolote lenye 5 upande wa madhara hufuatiliwa kwa karibu hata kama hutokea mara moja kwa miaka kumi.

Na hutokea. Usiku wa Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya Kenya iliingia gizani na hata uwanja wa ndege wa JKIA ukakumbwa na kiza. Usiku kama huo, swali "je, mna jenereta?" halitoshi. Maswali ni: ilijaribiwa lini mara ya mwisho, tena ikiwa imebeba mzigo kamili? Dizeli iliyoko ni ya saa ngapi? Na katika zile sekunde kabla haijawaka, mashine ya kupumulia inashikiliwa na betri gani?

Kila hatari kwenye daftari huwa na mwenyewe. Si "idara", ni mtu mwenye jina na tarehe ya kutoa majibu. Wanaposema "sote tunahusika", jua hakuna anayehusika.

Vyandarua vilivyotoboka

Mwanasaikolojia Mwingereza James Reason alitoa mfano maarufu wa namna ajali zinavyotokea. Yeye alitumia vipande vya jibini vyenye matundu, lakini sisi tutatumia chandarua.

Chukua chandarua kimoja kilichotoboka. Mbu ataingia. Sasa tundika vitatu au vinne, kimoja juu ya kingine, vyote vimetoboka. Mbu atahangaika, kwa sababu matundu hayako mahali pamoja. Atakachopita cha kwanza, cha pili kitamzuia. Utaumwa siku moja tu: siku ile matundu yote yatakapolingana.

Hospitali ni vyandarua vilivyopangwa. Daktari anaandika dawa. Mfamasia anaikagua. Nesi anaisoma tena. Kibangili chako kinalinganishwa na karatasi. Wewe unaulizwa jina. Kila hatua ina tundu lake: daktari amechoka, mfamasia ana foleni, majina ya dawa mbili yanafanana kama mapacha, kibangili kimeloa.

Ndiyo maana manesi hufunzwa kukagua mambo matano kabla ya kukupa chochote: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kipimo sahihi, njia sahihi, wakati sahihi. Na ndiyo maana dawa kama potasiamu kali haifai kukaa kwenye rafu ya wodi pamoja na nyingine. Ikidungwa mshipani bila kuchanganywa, inaweza kusimamisha moyo. Badala ya kumwambia nesi "kuwa makini", unaiondoa kabisa mahali anapoweza kukosea. Hapo umeziba tundu.

Nusura

Nikupe kisa cha kwetu. Mwaka juzi nilimpeleka ndugu yangu mdogo hospitali moja ya kibinafsi hapa Nairobi. Kidole tumbo. Alikuwa na miaka 19, ameshikwa na maumivu hadi hawezi kusimama wima.

Aliulizwa kama kuna dawa inayomdhuru. Akasema hapana. Mimi nilikuwa kaunta nikipigana na kadi ya bima, sikusikia. Fomu ikaandikwa "hakuna". Fomu hiyo ikatembea kutoka mkono hadi mkono, kila mtu akiiamini.

Nilipofika kitandani, nesi mmoja, msichana ambaye hawezi kuwa alinizidi umri, alikuwa ameshika sindano ya antibayotiki. Alikuwa na haraka, ungemwona. Lakini alisimama akauliza tena: "Kuna dawa imewahi kukutoa vipele ama kukufura midomo?"

Ndugu yangu akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Ile ya nikiwa class five?"

Penisilini. Alivimba uso hadi macho yakafunga, mama akamkimbiza zahanati kwa bodaboda. Sote tulikuwa tumesahau. Na dawa iliyokuwa kwenye sindano ile ilikuwa ya familia hiyohiyo.

Nesi aliiweka chini. Hakupiga kelele. Alimwita daktari, dawa ikabadilishwa, kibangili chekundu kikafungwa mkononi. Baadaye nilimwona akijaza fomu. Nikamuuliza kama ni ya kumripoti mtu. Akacheka. "Ni ya nusura. Huwa tunaandika hata yale ambayo hayakutokea."

Sentensi hiyo haijanitoka kichwani.

Nusura ndiyo dhahabu ya watu wanaosimamia hatari. Mgonjwa akifariki, unajifunza kwa gharama ya uhai. Nusura inakupa somo lilelile bure. Lakini nani ataripoti kama anajua ataitwa ofisini na kupewa barua? Ukimfuta kazi kila anayekosea, makosa hayapungui. Yanafichwa tu.

Kwa hivyo hospitali nzuri hutenganisha mambo. Aliyeteleza kwa sababu mfumo ni mbovu, rekebisha mfumo. Aliyekiuka utaratibu makusudi, au aliyekuja kazini amelewa, huyo atabeba msalaba wake. Na kwa kila tukio kubwa wanauliza "kwa nini?" tena na tena. Kwa nini fomu ilisema hakuna mzio? Kwa sababu mgonjwa alisema hapana. Kwa nini? Kwa sababu aliulizwa akiwa na maumivu makali na swali lilikuwa la ndiyo au la. Kwa nini? Kwa sababu fomu imeandikwa hivyo. Basi badilisha fomu. Yule nesi hakuuliza "una mzio?" Aliuliza kuhusu vipele na midomo. Lugha ya watu.

Karatasi moja, maswali 19

Mwaka wa 2008 WHO ilizindua orodha ya ukaguzi wa upasuaji. Ni karatasi moja, mambo 19, vituo vitatu: kabla mgonjwa hajalazwa usingizi, kabla ngozi haijakatwa, na kabla hajatolewa chumba cha upasuaji. Huyu ni nani? Tunapasua wapi? Kila mtu chumbani ajitaje jina na kazi yake. Mwishoni, sindano na vitambaa vimehesabiwa vyote?

Inaonekana mchezo wa watoto, sivyo? Ilijaribiwa katika hospitali nane za miji nane duniani, mmoja ukiwa Ifakara, hapo Tanzania. Matokeo yalichapishwa 2009. Vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Matatizo mengine yakashuka kutoka asilimia 11 hadi 7. Hakuna mashine mpya iliyonunuliwa kwa mamilioni. Ni watu kusimama na kuongea.

Siri yake iko kwenye kile kipengele cha kujitaja majina. Nesi mdogo aliyeshatamka jina lake mbele ya profesa anapata ujasiri wa kusema, "Samahani daktari, si ni mguu wa kushoto?"

Pesa ikigombana na tiba

Sasa tufike penye moto. Hospitali ya kibinafsi ni biashara. Ina mishahara, ina mkopo wa mashine ya CT, ina wenye hisa wanaongoja faida. Na mara nyingine hatari ya kukosa pesa na hatari ya kumpoteza mgonjwa hukutana kwenye mlango mmoja.

Oktoba 2015, mwanamume aliyegongwa na gari alikaa ndani ya ambulensi kwa saa 18, akizungushwa kutafuta kitanda cha ICU. Ilivyoripotiwa wakati huo, KNH hakukuwa na nafasi, na hospitali ya kibinafsi ilitaka malipo ya awali ya Sh200,000. Alifariki. Nchi ikalia, kisha maisha yakaendelea.

Lakini sheria iko wazi. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 ikaongeza meno: kituo chenye uwezo wa kutoa huduma ya dharura kikikataa, kinaweza kutozwa faini ya hadi Sh3 milioni. Mahakama Kuu nayo imeshaamua zaidi ya mara moja kwamba kumzuilia mgonjwa aliyepona kwa sababu ya bili si njia halali ya kudai deni.

Kisha 2020, jumbe za WhatsApp zilizodaiwa kuwa za wasimamizi wa hospitali moja ya kibinafsi zilivuja. Jumbe hizo zilionekana kuwasukuma wafanyakazi kufikia idadi fulani ya wagonjwa wa kulazwa. Kampuni za bima zilikasirika, wagonjwa wakajiuliza kama walilazwa kwa sababu ya malaria ama kwa sababu ya targeti.

Unaona jinsi hatari mbili zilivyo moja? Aliyetaka kuziba pengo la mapato alifungua shimo la tiba, la sheria na la jina, yote kwa mpigo.

Kampuni inayojielewa hujenga ukuta hapa. Mkuu wa ubora wa tiba hapaswi kuripoti kwa mkuu wa mauzo. Bodi huwa na kamati inayosikiliza habari za vifo na malalamishi moja kwa moja, kabla hazijapakwa rangi. Faili za waliolazwa hukaguliwa na daktari asiye na maslahi. Na kunakuwa na nambari ambayo mfanyakazi anaweza kupiga bila kutaja jina.

Sikudanganyi, shinikizo la pesa ni la kweli. Tangu SHA ichukue nafasi ya NHIF Oktoba 2024, hospitali za kibinafsi zimelalamika mara kwa mara kuhusu madai yasiyolipwa. Hospitali isiyolipwa hukosa kulipa msambazaji wa oksijeni. Ukisikia wakuu wakizungumzia "ukwasi", usidhani ni maneno ya matajiri tu. Mwisho wa mnyororo huo kuna mgonjwa anayehema.

Faili lako si stori ya WhatsApp

Hatari nyingine ambayo inawahusu sana vijana ni siri. Majibu ya HIV, ujauzito, dawa za msongo wa mawazo. Haya yote yako kwenye kompyuta ya hospitali.

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaichukulia taarifa ya afya kama data nyeti. Ikivuja na kuna hatari ya kweli kwa mwenyewe, hospitali ina saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data. Adhabu inaweza kufika Sh5 milioni au asilimia 1 ya mapato ya mwaka, kulingana na kiasi kilicho kidogo.

Na mara nyingi anayevujisha si hacker wa Urusi. Ni mtu aliyeacha kompyuta wazi akaenda chai, ama intern anayejirekodi TikTok wodini, jina la mgonjwa likisomeka vizuri kwenye ubao nyuma yake. Kama unasomea udaktari ama uuguzi, soma sentensi hiyo mara mbili.

Wewe ufanye nini?

Kwanza, wewe ni chandarua cha mwisho. Ukiulizwa jina, sema yote, usiitikie tu "eeh". Andika kwenye simu dawa unazotumia na zile zinazokudhuru, pamoja na kundi lako la damu ikiwa umeshapimwa. Dawa za kienyeji ulizopewa na shosho pia zitaje. Daktari hatakuchapa.

Pili, uliza. Hii ni dawa gani? Ya nini? Umenawa mikono? Utaona aibu, lakini aibu haiui.

Tatu, kabla ya kulazwa, hakikisha daktari na hospitali wana leseni ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC. Uliza pia kama hospitali inakaguliwa na watu wa nje. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan jijini Nairobi ilipata ithibati ya kimataifa ya JCI mwaka wa 2013. Vituo vingi vidogo hupimwa kwa mfumo wa SafeCare, wenye ngazi 1 hadi 5. Cheti si kinga ya makosa, lakini kinakuambia kuna mtu aliingia na kuangalia chini ya zulia.

Nne, mambo yakiharibika, andika. Tarehe, saa, majina. Lalamika hospitalini kwanza kwa maandishi na uitishe nakala ya rekodi zako. Wasipokusikiliza, KMPDC hupokea malalamishi ya umma. Mkataba wa haki za wagonjwa uliotolewa na Wizara ya Afya 2013 uko upande wako.

Na kama unatafuta kazi, hapa pana mlango ambao wengi hawaujui. Hospitali zinahitaji manesi wa ubora, mainjinia wa mashine za tiba, maafisa wa kulinda data, wakaguzi wa ndani na watu wa takwimu. Ulisomea sheria ama kompyuta na unadhani hospitali si kwako? Fikiria tena.

Ndugu yangu alipasuliwa usiku uleule na siku ya tatu alikuwa nyumbani akilalamika kwamba uji hauna sukari. Yule nesi hata jina lake sikulishika. Yeye alilijua letu, maana aliliuliza mara ya tano.